Jangwa Juu ya Tangi

Jangwa liliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele, ndani ya mkoba wa shule. Binti yangu wa pili alikuwa ameazimwa na mwenzake kitabu cha Alwyn Hamilton, Rebel of the Sands, kilichotoka mwaka 2016, na tangu alipokifungua hakuja mezani ila kwa kuitwa. Ni hadithi ya nchi ya kubuni iitwayo Miraji, nchi ya mchanga, majini na bunduki, na ya msichana aliyekulia katika mji mkavu wenye kiwanda cha silaha, aliyeazimia kutoroka kabla hajaozwa mume asiyemtaka. Msichana huyo ana shabaha ya kutisha, na jina lake ni Amani. Huku Malindi kina Amani wamejaa, wa kike kwa wa kiume, kwa hiyo binti yangu hakuona kwamba anasoma habari za mgeni.

Alipokimaliza nilitarajia ataniomba cha pili, maana viko vitatu na cha mwisho kilitoka 2018. Hakuomba. Alikuja jikoni nilipokuwa nachuja tui, akasimama kimya mpaka nikamwangalia, akasema, "Mama, nataka kuandika changu. Cha jangwa. Lakini liwe jangwa la huku kwetu."

Naamini kwamba mtoto akitamka neno kama hilo, nyumba nzima imepata kazi. Anayecheza mpira hununuliwa viatu, anayehifadhi Kurani hutafutiwa mwalimu, na anayeandika naye ana haki ya kupewa vifaa vyake. Vifaa hivyo havimo dukani. Ni yale wanayoyajua watu wazima wanaokaa naye.

Baba yake aliitikia kabla yangu. Alipanda juu ya kiti, akateremsha kutoka rafu ya juu nakala yake ya Walenisi, kurasa zimeshageuka rangi. Katama Mkangi alikuwa mtu wa Kilifi hii hii, mhadhiri wa sosholojia, akatiwa kizuizini miaka ya 1980 kwa ajili ya msimamo wake wa kisiasa, na mwaka 1995 akatoa riwaya hiyo ambayo mhusika wake, Dzombo, anarushwa angani katika chombo kilichokusudiwa kiwe kifo chake, akaishia kutua katika ulimwengu mwingine. "Asikwambie mtu kwamba mambo haya ni ya ng'ambo," baba mtu akamwambia. "Mwenzio wa hapa amekwenda mpaka sayari nyingine, na amekwenda kwa Kiswahili." Hapo ndipo lugha ya kitabu ilipoamuliwa.

Likabaki jangwa lenyewe. Binti yangu alisema hawezi kuandika mchanga ambao hajauona ukitembea. Ami yake, mdogo wa mume wangu, ana tuktuk. Jumapili moja akampakia yeye na mdogo wake wa kiume, wakavuka daraja la Sabaki kuelekea kaskazini, na namwomba msomaji aende nao polepole, kwa sababu riwaya nzima imo kando ya njia ile.

Kwanza ni mto wenyewe. Maji yale huanza nyanda za juu karibu na Nairobi yakiitwa Athi, hupita Tsavo yakaitwa Galana, na huku kwetu ni Sabaki. Njiani yamekokota udongo wa mashamba ya watu wengi, ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha bara, ghuba ya Malindi hugeuka hudhurungi. Udongo mwepesi hupotea baharini, mchanga hurudishwa pwani na mawimbi, na kusi ikivuma huuchukua na kuurundika huko Mambrui, kilima nyuma ya kilima, karibu na mji mkongwe wa misikiti na makaburi. Mtoto wangu alivua viatu akapanda kilima cha kwanza, na ami mtu anasema hakusema lolote mpaka alipofika kileleni, akageuka akauliza, "Ami, upande huu nimezama na upande ule sikuzama. Kwa nini?"

Mbele ya Mambrui ni Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika madimbwi mapana, jua likayakausha, ikabaki nchi nyeupe isiyo na mti wala kivuli, na chungu za chumvi zimesimama pembeni. Halafu, ukikata kwenda Ngomeni na kutazama baharini, utaiona mitambo yenye miguu ya chuma, ile ambayo Waitalia walirushia satelaiti zao. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo satelaiti iliyokwenda kutazama nyota zinazotoa miali ya eksirei, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, na ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha siku yake. Msichana anayetaka kubuni minara ya watazama nyota katikati ya nchi ya chumvi hana haja ya kubuni mengi akishafika Ngomeni.

Kisha ndipo Marafa. Njia ni mbovu na tuktuk si ya safari ile, lakini walifika jua likiwa limeinama. Pale ardhi imekatika ghafla, na chini kuna minara na kuta za mawe ya mchanga, tabaka jeupe, tabaka la waridi, la chungwa, na jekundu la kukoza. Mvua na upepo ndivyo vilivyochonga, na kila masika vinaendelea kuchonga. Watalii hupaita Jiko la Jahanamu. Kwa wenyeji ni Nyari. Mavyaa yangu alizaliwa upande huo.

Walirudi usiku na viroba vya mchanga wa Mambrui vimejaa nyuma ya tuktuk. Ami mtu alisema ni kidogo tu, wa kuchezea.

Nyumba yetu ina paa la zege, bapa, na juu yake ndiko liliko tangi la maji. Huko binti yangu alimwaga mchanga wake na kuanza kuumba nchi. Sikumzuia, na hata leo nasema alifanya jambo la maana kuliko mengi anayopewa kufanya. Alijenga vilima, akakaa navyo jioni kwa jioni na daftari, upepo ukimsaidia. Akagundua kwamba chembe haziruki mbali. Kila moja hurushwa kidogo, ikaanguka na kuzigonga nyingine, nazo zikaruka. Akaona kilima hupanda taratibu upande upepo unakotoka na kuporomoka kwa ghafla upande wa pili. Akaupima ule upande wa maporomoko kwa kipimapembe cha shule, akakuta kwamba hata aurundike vipi hauzidi sana digrii 34, ukizidi unateremka wenyewe. Hilo likawa jibu la swali lake la Mambrui, na likawa sheria ya kwanza ya ulimwengu wake: katika nchi ile majeshi hayashambulii kutokea upande uliokingwa na upepo, maana mchanga ukiguswa huwazika.

Mji mkuu ulihitaji mahali pa kukaa. Alitaka kitu cha mviringo, kigumu, chenye njia zinazotoka katikati kwenda ukingoni. Kifuniko cha tangi kina sifa hizo zote. Akakifungua, akakiweka katikati ya jangwa, akakijengea mji kwa vipande vya matumbawe na vifuu: msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme, ukuta, makaburi ya nguzo na visima. Ulikuwa Gede. Shule yao iliwahi kupelekwa Gede, na kitu kilichomkaa ni visima. Kimoja pale kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena kwenda chini zaidi, na kupungua kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa na wachunguzi kueleza kwa nini wenye mji waliuhama katika karne ya 17, wakauachia msitu. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Katika riwaya ya binti yangu watu bado wamo ndani, wanachimba.

Kwenye mdomo wa tangi alitandika kipande cha turubai, akakifunga kwa kamba ya katani, fundo zuri. Twende.

Jioni alikuwa anamsomea bibi yake uani. Mavyaa hawezi tena kupanda ngazi, na macho yake hayaoni maandishi, lakini kwa kusikiliza hakuna anayemshinda. Wajukuu humwita Hawe, kwa lugha yake. Alisikiliza sura ya kwanza mpaka mwisho, ile ya msichana anayelinda kisima, akauliza, "Na hao watu, wana ng'ombe?"

"Jangwani, Hawe? Hapana."

"Basi hujafika Nyari."

Akamhadithia. Palikuwa na mji wa matajiri wenye ng'ombe wasiohesabika, maziwa yakawa mengi mpaka wakawa wanayaoga, na majirani wana njaa. Mungu akawakasirikia, ardhi ikapasuka ikawameza, na ndiyo ukaona ule weupe ni maziwa na ule wekundu ni damu. Ninaijua hadithi hiyo, huambiwa kila anayefika Marafa. Nilichokuwa sikijui, na nimeishi na mama huyu tangu nilipoolewa, ni namna anavyoimalizia. Alisema kabla ya msiba wale majirani walionywa wahame, wakahama wote, isipokuwa kikongwe mmoja aliyekataa. Na hapa akanyamaza, akasema, "Watu husema alikuwa mkaidi. Mamangu alisema sivyo. Alibaki kwa sababu kuna mtoto mchanga alisahauliwa."

Binti yangu aliacha kuandika. Nami niliacha kukuna nazi. Hapakuwa na mtu nyumbani mle aliyewahi kulisikia lile, hata mume wangu, mwanawe wa kumzaa. Usiku ule sura ya kwanza ilichanwa. Msichana wa kisima akaondoka, na mahali pake akaingia kikongwe mwenye mtoto wa wenyewe mgongoni, anayeuvuka ulimwengu wa mchanga akitafuta walikohamia watu wake.

Sasa nije kwenye posa.

Binti yetu mkubwa alikuwa ameposwa na kijana wa Takaungu, na wazee wake walituma mshenga kwamba wanakuja rasmi, wanaume kwa wanawake, kuzungumza mambo ya mahari na siku. Nyumba ilipakwa chokaa. Mikeka ilianikwa. Mchele wa pilau ulichambuliwa, mbuzi akanunuliwa, halwa ikaagizwa. Ilikuwa kipindi kusi imekaza, ile inayopiga madirisha usiku kucha, na kwa bahati mbaya maji ya mferejini yalikuwa yamekatika kwa muda, tunatumia yaliyobaki tangini kwa kipimo. Hayo ni ya kawaida kwa mtu wa Malindi, ndiyo maana kila nyumba ina tangi.

Kusi ililegeza lile fundo zuri. Turubai ikapeperuka, tukaja kuiokota kwenye mwembe wa jirani. Kwa usiku kadhaa, tukiwa tumelala, jangwa la Mambrui lilihamia ndani ya tangi chembe kwa chembe, kwa kanuni zile zile binti yangu alizoziandika daftarini. Mchanga ukatulia chini. Maji yaliyobaki juu yake yalikuwa safi, hatukuona dalili.

Asubuhi ya posa maji yalirudi. Tulishangilia. Yakaanguka kwa nguvu kutoka kwenye bomba la juu, yakautibua mchanga wote uliokuwa umetulia, na wakati huo huo wanawake walikuwa wamefungua kila mfereji wa nyumba, wa jikoni, wa uani, wa chooni, kila mtu ana chombo cha kuosha. Mchele uliroweshwa kwa maji yale. Nyama ikaoshwa kwa maji yale. Wifi yangu ndiye aliyeonja wa kwanza. Alitia punje kinywani kuona kama wali umeiva, akasimama, akatafuna polepole, akanitazama. Nikauona uso wake nikajua hatuna pilau.

Sufuria ile ilikuwa ya watu wengi. Tuliijaribu huku na huku, juu na katikati, na kila kijiko kilikwaruza meno. Binti mkubwa alikaa chini kwenye kigoda akalia kimya, hina mikononi, na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu wageni sasa wako mlangoni, sauti ya mshenga inapiga hodi.

Hapo mavyaa alichukua nyumba mikononi mwake. Aliketi pale pale uani na kutoa amri moja baada ya nyingine bila kupaza sauti. Pilau iondolewe, isionekane. Mtu aende nyumba ya pili, yenye kisima, aombe maji na aseme kwa nini, asifiche. Mwingine aende kwa mama wa mahamri, achukue yote aliyonayo pamoja na mbaazi. Samaki watafutwe wapakwe. Wageni wapewe kahawa na halwa kwanza, na maneno ya posa yasogezwe mbele ya chakula. Wanawake wa mtaa waliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo vichwani, mmoja akaanza kuwasha mkaa, mwingine akamfuta machozi bibi harusi, na jiko langu likageuka la watu kumi. Nimeishi mtaa huu miaka mingi na sijaupenda kama siku ile.

Barazani mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri. Babu wa bwana harusi, mzee mrefu aliyefanya kazi Oman ujana wake, aliinuka akauliza pa kutawadhia. Akaonyeshwa mfereji wa ukumbini. Mfereji ukakohoa, ukamwaga konzi ya mchanga kiganjani mwake, ukanyamaza.

Alikitazama kiganja. "Huu si mchanga wa hapa," akasema. "Huu ni wa Mambrui."

Mtoto wangu wa kiume hajui kuficha. "Ni wa dada. Ni jangwa lake. Liko juu."

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Mzee alitawadha kwa ndoo ya jirani, akasali na wenzake, kisha badala ya kurudi kukaa kwenye mto wake alimwomba mume wangu ruhusa ya kuliona jangwa. Alipanda ngazi taratibu, mkono ukutani. Binti yangu alikuwa kajificha huko huko, nyuma ya tangi, amefura macho. Alimwamkia, akambusu mkono, akaanza kuomba radhi. Mzee akamkatiza. "Nionyeshe kwanza. Huu mji wa nani?"

Nilikuwa nimewafuata na sinia ya kahawa, nikasimama ngazini nisiwakate. Akamwonyesha Gede iliyo juu ya kifuniko, nchi ya chumvi, minara ya watazama nyota, korongo jekundu, njia ya kikongwe. Mzee alisikiliza yote. Ndipo akauliza swali ambalo sisi wa nyumbani hatukuwahi kuliuliza: "Watu wako ni Waislamu? Wanasali?"

"Ndiyo, babu."

"Na maji hawana. Wanatawadha vipi?"

"Watatayamamu. Kwa mchanga."

Mzee aliinama, akachota mchanga wa kilima, akaupuliza. Kiganjani hakikubaki kitu. "Huu umeoshwa na bahari ukapepetwa na upepo, hauna vumbi hata chembe. Sisi Mashafii twataka udongo safi wenye vumbi, ule unaobaki mkononi ukiupiga. Na kabla ya hapo mtu atafute maji, wakati wa sala uwe umeingia, na kila faradhi ina tayamamu yake. Ndiyo maana leo sikutayamamu kwenye nyumba yenu. Jirani ana kisima. Basi watu wako, mwanangu, hawawezi kusali popote tu jangwani. Wana mahali pa udongo wa vumbi, wanapajua, wanapalinda, na njia zao zote zinapita hapo."

Binti yangu alikuwa keshaokota daftari. Niliona ramani nzima ikibadilika machoni pake: vituo vya vumbi, na misafara inayopinda kuvifuata.

Wakakaa. Mzee akamweleza Nizwa, alikofanya kazi kwenye mashamba ya mitende. Huko maji huja kwa falaji, mfereji uliochimbwa chini ya ardhi tangu kisima mama mlimani, umeinamishwa kidogo kidogo ili maji yateremke yenyewe bila pampu. Falaji Daris ya Nizwa ni mojawapo ya tano zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na watu bado wanaitumia. Maji yanapotokeza juu ya ardhi, kwanza watu hunywa na kuteka, halafu chini yake ndipo pa kuoga na kutawadhia, halafu mashamba. Na kila shamba lina fungu lake. Fungu hilo ni muda, saa za maji: mchana hupimwa kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota fulani kutokea juu ya mlima au ukuta. Mtu hurithi muda, huuza muda, hugombana kwa ajili ya muda. "Jangwa si mahali pasipo kitu," akasema. "Ni mahali penye hesabu kali. Kitabu chako kikiwa na majini, vizuri. Lakini nani anashika hesabu ya maji? Huyo ndiye mfalme."

Nimesoma kiasi changu cha riwaya na nimeketi kwenye semina za waandishi mjini Mombasa na Nairobi. Sijasikia mtu akieleza ujenzi wa ulimwengu wa kubuni vizuri namna ile. Katika kitabu kilichoanzisha haya yote, Amani wa Miraji anakuja kugundua kwamba mchanga wenyewe unamtii. Ni uzuri mkubwa wa hadithi na simnyimi mwandishi sifa zake. Lakini mzee yule wa Takaungu alimpa binti yangu kitu kigumu zaidi, mchanga usiomtii mtu, wenye sheria ambazo hata shujaa lazima azifuate.

Chini walikuwa wanatungoja. Posa ilikubaliwa, mahari yakatajwa bila mvutano, na chakula kilipoletwa kilikuwa mahamri, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka, kwenye sahani za nyumba nne tofauti. Mmoja wa akina mama wa Takaungu alimwuliza mavyaa kwa upole kama hii ndiyo desturi ya Malindi. Mavyaa akamweleza kisa kizima, tangi, turubai, pilau, hakupunguza neno. Yule mama alicheka mpaka akajishika ubavu, akainuka kwenda jikoni kumtafuta bibi harusi, akaketi naye. Walivyotoka walikuwa wameshikana mikono.

Usafishaji ulichukua nguvu za watu wazima. Fundi alifungua bomba la kutolea maji, akakuta limeziba kabisa, akateremka ndani ya tangi na beseni. Ami mtu ndiye aliyekuwa anapokea, bila kulalamika, maana viroba ni vyake. Mume wangu alipendekeza ule mchanga utumike kupigia plasta ukuta wa nyuma, na fundi akakataa katakata: una chumvi, na chumvi hula chuma ndani ya zege. Huyo fundi ndiye aliyetuambia, akiwa amekaa ukingoni anapumzika, kwamba maji tunayokunywa Malindi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto Sabaki, na mchanga ndio unaoyahifadhi na kuyachuja kabla hayajapigwa pampu. Binti yangu akamwomba arudie, aandike.

Kiroba kimoja mavyaa alikishika akasema hakitoki. Anakaangia njugu, na njugu zake zinaiva sawasawa kuliko za mtu yeyote. Vingine vilirudishwa Mambrui. Kifuniko kimerudi mahali pake, kimekazwa. Gede imehamia kwenye sinia kuu la bati, ndani ya chumba cha wasichana, na mwandishi wake ameahidiwa meza atakapohama dada yake.

Harusi ni likizo ya Desemba. Mshenga amekuja tena, safari hii na barua mbili, moja ya mume wangu kuhusu mambo ya ukumbi, ya pili ya binti yangu, imeandikwa kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika zamani. Mzee anauliza: katika mji wako, usiku wa mawingu, nyota hazionekani, nani anajua fungu la maji la mtu limekwisha? Tangu juzi nyumba haina mazungumzo mengine. Baba mtu anasema wangetumia saa ya mchanga. Ami anasema watu wangelala tu, asubuhi wakapigana. Mavyaa anasema yule kikongwe angejua kwa kilio cha mtoto, mtoto mchanga ana saa zake za kunyonya. Binti yangu ameziandika zote tatu, na amesema atamjibu mzee akimaliza sura ya tisa.